Msichana wa Shule na Ukoo Wake: Karne Moja ya Djugu

Wilaya ya Djugu, mojawapo ya wilaya tano zinazounda jimbo la Ituri kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutajwa katika maandishi ya historia hasa kwa mambo matatu: dhahabu ya Kilo na Mongbwalu, ugomvi wa ardhi kati ya wafugaji na wakulima, na vita vilivyozuka Juni 1999. Jambo la nne, ambalo maandishi hayo yamelipita kando, ni historia ya msichana aliyepelekwa shule, na hasa ya mafungamano yake na watu wa nyumbani kwao, yaani wazazi, shangazi, kaka na wazee wa ukoo waliokuwa na kauli juu ya masomo yake, ndoa yake na heshima yake. Jambo hilo linastahili kuchunguzwa kwa sababu afya ya akili, ambayo kwa maneno mepesi ni uwezo wa mtu kufikiri, kulala, kujifunza na kuishi na wenzake bila kulemewa, haikuwahi katika nchi hiyo kutegemea shule au hospitali kama ilivyotegemea ukoo. Inadaiwa hapa kwamba kila kipindi cha karne iliyopita kiliuongezea ukoo mzigo mpya kuhusu binti anayesoma, na kwamba hatari zinazowakabili wanafunzi wa kike wa Djugu na wa Bunia, mji mkuu wa Ituri, zilijengeka hatua kwa hatua, baadhi yake zikiwa zimekwisha kuota mizizi kabla ya risasi ya kwanza.

Wenyeji wa Djugu ni Walendu, ambao asili yao ni kilimo, Wahema wa kaskazini, ambao huitwa pia Wagegere na ambao walikuja na ng'ombe lakini wakachukua lugha ya Kilendu, pamoja na Waalur, Wanyali wa Kilo, Wamambisa na Wandookebo. Makabila hayo, pamoja na tofauti zake, yanafuata ukoo wa baba, na kwa hiyo mtoto huhesabiwa upande wa baba yake, ilhali binti hutazamiwa tangu utotoni kwenda kuujenga ukoo mwingine. Mahari, iwe ya mifugo au ya mali nyingine, haikuwa bei ya mtu kama wageni wengi walivyodhani, kwa kuwa ilikuwa mkataba kati ya koo mbili, na mara nyingi mifugo iliyopokewa kwa dada ndiyo iliyomwezesha kaka yake kuoa. Utaratibu huo ulimpa binti ulinzi, maana mume aliyemtesa alikuwa na watu wa kumjibu, lakini pia ulimfunga, maana kuvunjika kwa ndoa yake kuliwadai watu wengi kurudisha walichokwisha kukitumia. Mafunzo ya utu uzima yalikuwa kazi ya wanawake wakubwa, shangazi na bibi, na huko ndiko binti alikopeleka majonzi yake asiyoweza kuyatamka mbele ya baba.

Misheni ndizo zilizoingia kwanza kati ya binti na wanawake hao. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Africa Inland Mission walivuka kuingia Kongo ya Kibelgiji mwaka 1912, na baadaye wakajenga vituo vya Rethy na Blukwa katika nyanda za juu za Djugu, huku Wakatoliki, ambao kwao Ituri ilikuwa eneo la Mapadri Weupe, wakijijenga Fataki na Drodro. Shule za vituo hivyo zilikuwa na mabweni, nayo mabweni ya wasichana yaliendeshwa na masista au wake za wamisionari, ambao walikusudia kumtoa binti katika desturi za kwao ili awe mke wa mwalimu, wa katekista au wa karani. Serikali ya Ubelgiji, ambayo tangu katikati ya miaka ya 1920 ilizipa ruzuku shule za misheni za Kikatoliki na kuwaacha Waprotestanti wakisubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, haikuona haja ya zaidi ya hapo: masomo ya msichana yalikuwa kushona, kupika, usafi, malezi ya mtoto na dini, na hata mageuzi ya elimu ya mwaka 1948, yaliyofungua njia ya sekondari kwa wavulana, yaliwaachia wasichana mtaala wao wa kando. Matokeo ya sera hiyo yanaonekana katika jambo moja la nchi nzima, kwamba Sophie Kanza, anayetambuliwa kuwa msichana wa kwanza wa Kongo kuhitimu sekondari, alihitimu mwaka 1961, yaani mwaka mmoja baada ya uhuru.

Si haki kuyahukumu mabweni hayo kwa upande mmoja tu, kwa sababu yalikuwa pia kimbilio la binti aliyetaka kukwepa mume asiyemtaka, na wanawake wa kwanza wa Ituri waliojua kusoma, wakawa wauguzi na walimu, walitoka humo. Lakini mabweni yalifanya mambo mawili ambayo athari zake hazikwisha. La kwanza ni kwamba yalikata mlolongo wa shangazi na bibi bila kuweka mwingine mahali pake, kwa kuwa sista aliweza kumfundisha binti kutunza nyumba ila hakuwa ndugu yake wa kumtetea siku ya ugomvi. La pili ni kwamba yalimfanya msichana aliyesoma awe alama ya heshima ya ukoo mbele ya wageni, kiasi kwamba kosa lake, hasa mimba nje ya ndoa, halikuwa tena aibu ya kijiji inayomalizwa kwa kikao cha wazee, bali kufukuzwa shuleni na kanisani hadharani. Hofu ya kuaibisha nyumba, ambayo ingali ikitajwa na wanafunzi wa Bunia, ina chimbuko lake hapo kwa kiasi kikubwa.

Dhahabu ilichangia kwa njia nyingine. Tangu watafutaji wawili wa madini kutoka Australia, Hannam na O'Brien, walipoigundua mwaka 1903, na hasa baada ya kampuni ya Kilo-Moto kupangwa upya mwaka 1926, wanaume wa Djugu walivutwa, na mara nyingi walilazimishwa, kwenda migodini, na vijiji vikatakiwa kuwalisha. Wanawake walibaki na mashamba, na binti aliyeweza kushika jembe alikuwa mkono ambao mama hakuweza kuuachia kwa urahisi. Kazi ya nyumbani ya mtoto wa kike, ambayo watafiti wa leo huihesabu miongoni mwa mikazo ya kila siku, haikutokana na desturi ya kale peke yake, kama inavyosemwa mara nyingi, kwa kuwa uchumi wa mgodi uliichukulia kama ruzuku usiyoilipia.

Baada ya uhuru shule zilienea, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba binti wa Djugu angefuata njia moja na kaka yake. Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa mwaka 1974 na kuyarudishia makanisa uendeshaji wake kwa mkataba wa mwaka 1977, lakini katika kurudi huko mishahara ya walimu iliendelea kuoza pamoja na thamani ya fedha. Mwaka 1992 walimu waligoma nchi nzima, na ukapatikana mwafaka uliokusudiwa kuwa wa muda, kwamba wazazi wenyewe wawalipe walimu nyongeza. Mwafaka huo wa muda ulidumu zaidi ya robo karne. Karo, ambayo wenyeji wa Ituri huiita minervali, pamoja na nyongeza hiyo ya motisha, zilihamisha elimu kutoka mfuko wa Serikali hadi mfuko wa baba, na kuanzia siku hiyo kila mwanzo wa muhula ukawa kikao cha familia cha kuamua nani alipiwe.

Uzito wa badiliko hilo kwa afya ya akili ya wasichana haujapewa nafasi inayostahili katika maandishi ya elimu ya Kongo. Katika nyumba yenye watoto sita na mavuno ya kulipia watatu, mvulana aliyebaki nyumbani alionewa huruma kwamba ameonewa, ilhali msichana aliyebaki alihesabiwa kuwa amekua. Yule aliyelipiwa naye hakuwa na amani, kwa sababu alijua kwamba kila franka iliyotumika juu yake ilikuwa imenyimwa mtu mwingine, na kwamba akishindwa mtihani, au akipata mimba, hatakuwa amejiangusha peke yake. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani mara kwa mara kwa kutolipa minervali, akisimamishwa mbele ya darasa na kutajwa jina, alijifunza aibu mapema kuliko hesabu. Sheria haikumsaidia sana: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 huku ikimtaka mvulana afikishe 18, na tofauti hiyo haikufutwa hadi marekebisho ya Julai 2016.

Vita vya mwaka 1999 vilianza katika sekta ya Walendu Pitsi, ndani ya Djugu, kutokana na mzozo wa mashamba makubwa ambayo baadhi ya wenye mali Wahema, wakitumia sheria ya ardhi ya mwaka 1973, walidaiwa kutaka kuyapanua juu ya ardhi za majirani zao Walendu. Jeshi la Uganda, lililokuwa likiikalia Ituri, liliukoleza mzozo kwa kuupa silaha upande mmoja na baadaye mwingine, na kufikia katikati ya mwaka 2003 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa, huku wengine 500,000 wakiwa wamehama makwao. Takwimu hizo zinajulikana. Lisilosemwa sana ni jinsi vita vilivyopita katikati ya vyumba vya kulala, kwa kuwa Wahema na Walendu wa Djugu walikuwa wameoana kwa vizazi, wakizungumza lugha moja. Mke Mlendu katika boma la Wahema, au kinyume chake, aligeuka mshukiwa, na watoto wake, ambao kwa hesabu ya ukoo wa baba walikuwa upande mmoja, walitazamwa usoni kutafutwa upande wa pili. Msichana aliyezaliwa katika ndoa kama hiyo alipoteza mjomba kwa mikono ya watu wa baba yake mdogo, kisha akatakiwa kurudi darasani mwaka uliofuata akae dawati moja na binti wa waliofanya hivyo.

Ndani ya makundi yenye silaha wasichana walikuwa wapiganaji, wapishi, wabebaji mizigo na watumwa wa ngono kwa wakati mmoja. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa kundi la UPC, iliyotolewa tarehe 8 Julai 2019, inaeleza kwamba wanawake na wasichana waliokuwa katika jeshi la UPC walipachikwa jina la guduria, chungu kikubwa cha kupikia watu wengi, kwa maana kwamba yeyote kambini aliweza kujihudumia. Vita vilipopoa na mpango wa kuwarudisha watoto askari uraiani ukaanza, wasichana walijitokeza wachache mno kulinganisha na wavulana, kwa sababu kupanga foleni mbele ya kituo cha kuwapokea kulikuwa ni kutangaza mbele ya mtaa mzima yaliyowapata. Wengi walirudi kwa njia za panya, usiku, wakitegemea kwamba mama atafungua mlango na hatauliza.

Mjini Bunia kuliota katika miaka hiyo huduma ambazo hazikuwahi kuwapo. Hospitali ya Bon Marché, iliyoendeshwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu mwaka 2003, iliwatibu maelfu ya waliobakwa katika miaka minne ya kwanza, nalo shirika la SOFEPADI, lililoasisiwa mwaka 2000 na kuongozwa na Julienne Lusenge, lilifungua kituo cha tiba kilichoitwa Karibuni wa Mama, ambako mwanamke alipata dawa, mtu wa kumsikiliza na, alipotaka, mwanasheria. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima kubwa, ila ilimpokea mgonjwa mmoja mmoja, kisha jioni ikamrudisha kule kule alikotoka.

Ni katika mazingira hayo ndipo utafiti wa kisayansi juu ya afya ya akili ya wanafunzi wa Ituri ulipofanyika, na ni bahati ya pekee kwa mwanahistoria kwamba ulifanyika, kwa kuwa maeneo mengi ya vita barani Afrika hayana kumbukumbu ya aina hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, wakiwamo Cindy Mels, Ilse Derluyn na Eric Broekaert, walianza kwa kuyarekebisha maswali ya uchunguzi pamoja na wenyeji, katika Kifaransa na katika Kiswahili cha Kongo, ili mwanafunzi aulizwe juu ya usingizi wake, hofu yake na mawazo yake kwa maneno anayoyatumia mwenyewe. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya vijana 1,046 wenye umri wa miaka 13 hadi 21 kutoka shule 13 za sekondari. Asilimia 95 walikuwa wamepatwa na angalau tukio moja la kiwewe, yaani tukio linalotishia uhai au utu na kuacha jeraha moyoni, kama vile kushuhudia mauaji au kuchomewa nyumba, na zaidi ya nusu walikuwa na dalili za msongo wa baada ya kiwewe, hali ambayo mtu huyaona tena yaliyokwisha kupita kana kwamba yanatokea sasa, hushtuka kwa sauti ndogo, hukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, na hukosa usingizi.

Utafiti uliofuata wa mwaka 2010, juu ya vijana 819, ulionyesha kwamba waliokuwa bado ukimbizini ndani ya nchi walikuwa na hali mbaya kuliko waliorudi kwao na kuliko wasiowahi kuhama, na kwamba nyuma ya tofauti hiyo kulikuwa, pamoja na ukatili walioupitia, mikazo ya kila siku: njaa, ukosefu wa karo, ugonjwa, na magomvi ya nyumbani. Lakini uchunguzi unaohusu zaidi mada hii ni ule wa An Verelst na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ambao uliwahoji wasichana 1,305 wenye umri wa miaka 11 hadi 23 katika shule 22 za sekondari za eneo la Bunia. Asilimia 38.2 kati yao walieleza kwamba walipatwa na ukatili wa kingono. Hao ni wanafunzi waliokuwa wamekaa darasani, wamevaa sare, wakijiandaa kwa mtihani, wala si wagonjwa waliofuatwa hospitalini.

Watafiti hao waligundua jambo ambalo haliingii vizuri katika bajeti ya dawa na vifaa. Sehemu kubwa ya uhusiano kati ya ukatili uliopita na mateso ya akili ya sasa, yaani sonona, ambayo ni huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi, ilipitia katika unyanyapaa: kusengenywa, kutengwa, kulaumiwa, kuambiwa kwamba hataolewa. Kwa maneno mengine, mkosaji alimjeruhi msichana mara moja, na waliomzunguka wakakichokonoa kidonda kila siku. Wala msengenyaji si mtu wa mbali. Mara nyingi ni shangazi yule yule ambaye katika utaratibu wa kale angekuwa mtetezi wake, ni baba anayehesabu mahari iliyopungua, au ni binamu anayekaa naye chumba kimoja.

Haitoshi kueleza hali hiyo kwa kusema kwamba koo za Djugu zina roho ngumu. Ukoo uliokuwa na ng'ombe, shamba na kikao cha wazee uliweza kuibeba aibu ya binti mmoja bila kuyumba, lakini ule uliokwisha kuporwa ng'ombe, ukachomewa nyumba na kutawanywa, ulimwona binti huyo kuwa mali ya mwisho iliyobaki, na mali ya mwisho hulindwa kwa ukali. Ndiyo sababu desturi ya kumaliza kesi ya ubakaji nyumbani kwa nyumbani, ambapo familia ya mkosaji hulipa mbuzi au fedha, au mkosaji akaambiwa amwoe aliyemtendea, iliendelea ingawa sheria za Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono zilikuwa wazi na sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 ilikataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Mzee aliyepokea mbuzi hao alijiona ameokoa heshima ya nyumba, na msichana alikuwa ameondolewa, mara ya pili, haki ya kusema alichokitaka.

Makanisa, ambayo ndiyo yaliyobaki yamesimama wakati Serikali imeanguka, yalijaza pengo kwa mikesha ya maombi na vikundi vya akina mama. Wengine walipata humo faraja ya kweli, hasa kwa kuwa mtu aliweza kulia mbele ya watu bila kuulizwa sababu. Wengine waliambiwa wasamehe kabla hawajasikilizwa.

Mwishoni mwa Desemba 2017 ukatili ulirudi Djugu, na kuanzia Februari 2018 makumi ya maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na boti za wavuvi kwenda Hoima, Uganda, wakapelekwa Kyangwali, ambako kipindupindu kilikuwa kikiwasubiri. Tarehe 2 Machi 2018 kijiji cha Maze kilishambuliwa na watu zaidi ya 40 wakauawa. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini Kongo ilihesabu, kati ya Desemba 2017 na Septemba 2019, watu wasiopungua 701 waliouawa na 142 waliotendewa ukatili wa kingono katika wilaya za Djugu na Mahagi. Wanamgambo wa CODECO, wengi wao Walendu, ambao jina lao lilitokana na chama cha ushirika wa wakulima cha miaka ya 1970, walipambana na jeshi na baadaye na kundi la upande wa Wahema lililojiita Zaïre, huku raia wakiuawa hata ndani ya kambi walikokimbilia: watu takriban 60 huko Plaine Savo Februari 2022, na zaidi ya 40 huko Lala Juni 2023.

Kwa mwanafunzi wa kike, kambi ilikuwa ni kuporomoka kwa kila ukuta uliokuwa umebaki kati yake na dhiki ya watu wazima. Katika kambi za Bunia, kama Kigonze na ile inayoitwa ISP kwa jina la Taasisi ya Juu ya Ualimu, familia iliyokuwa na nyumba ya vyumba vitatu na jiko la nje ilijikuta ndani ya kibanda cha miti na turubai ambamo baba, mama, watoto na pengine shemeji walilala kichwa kwa kichwa. Binti alisikia kila neno la ugomvi wa usiku juu ya unga, na asubuhi alishika foleni ya maji kwa madumu kabla ya kwenda shule, ikiwa sare haikubaki Djugu. Kuni na chakula vilimlazimu mama kurudi nyuma kuelekea mashamba yaliyo karibu na wenye silaha, na binti alijua hatari hiyo, akakaa darasani akihesabu saa za mama kurudi. Baba, ambaye mamlaka yake yalitokana na shamba, alikaa bila kazi, na wanaume wengi walikimbilia pombe. Ukoo wenyewe ulikuwa umegawanyika, shangazi yuko Kyangwali, bibi amebaki Drodro karibu na kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na kaka mkubwa hajulikani yuko msitu gani.

Elimu ya msingi ya bure, iliyoahidiwa na Katiba ya mwaka 2006 na kuanza kutekelezwa Septemba 2019, ilipunguza mzigo wa minervali kwa wadogo, lakini sekondari, ambako ndiko msichana anakofikia umri wa kuolewa, iliendelea kulipiwa. Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na wazazi waliokuwa na binti wa miaka 15 kibandani, bila shule na bila chakula, walifanya uamuzi ambao si vigumu kuukisia.

Tiba ya kitaalamu ilikuwa mbali. Mashirika ya watawa yalikuwa yamejenga vituo vya magonjwa ya akili katika Kivu, Sosame huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma, lakini msichana wa Fataki asingeweza kufika huko bila ndege au bila kupita barabara za wanamgambo. Kilichowezekana kilionyeshwa na majaribio mawili ya jirani: lile la Beni, lililochapishwa mwaka 2013, ambapo wasichana 52 waliokuwa wamepitia vita na ukatili wa kingono walipata nafuu kubwa kwa tiba ya mazungumzo ya vikundi, na lile la eneo la Dungu, la mwaka 2014, ambapo watoto na vijana 159 waliohofia kutekwa walisaidiwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, wala si madaktari, tena pamoja na wazazi au walezi wao. Jaribio la Dungu lina uzito wa pekee kwa Djugu, kwa sababu lilimtibu mtoto mahali ugonjwa unapoishi, yaani katikati ya watu wa nyumba yake.

Sheria ya kimataifa nayo ilifika, polepole. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru wahanga 297 wa shambulio la Bogoro, kusini mwa Bunia, walipwe kila mmoja dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja iliyojumuisha masomo na huduma ya kisaikolojia, na tarehe 8 Machi 2021, katika amri ya fidia ya kesi ya Ntaganda, ilitambua kwamba madhara ya uhalifu yanaweza kupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwamba watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji ni wahanga kwa haki yao wenyewe. Msichana aliyezaliwa Djugu mwaka 2003 kwa njia hiyo alikuwa akitimiza miaka 18 mwaka huo huo wa 2021, umri wa kuhitimu sekondari, na tarehe 6 Mei mwaka huo Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi uitwao hali ya kuzingirwa. Amri ya Mahakama ilimpa jina la mhanga, na amri ya Serikali ilimpa mwanajeshi kuwa gavana. Aliyemlipia karo, kama alilipiwa, alikuwa mama yake au bibi yake, na yeyote anayetaka kumsaidia msichana huyo au mdogo wake hana budi kuanza kwa kumsaidia mwanamke huyo.